Kabla Hujalipia Kiwanja: Mwongozo kwa Anayeanza Kuwekeza katika Ardhi na Nyumba

Watanzania wengi huweka akiba yao katika ardhi. Mtumishi anayekaribia kustaafu hukipigia hesabu kiinua mgongo chake na kuona nyumba ya kupangisha. Mfanyabiashara mdogo akipata ziada hutafuta kiwanja kabla ya kutafuta kitu kingine. Ndugu aliye ughaibuni hutuma fedha nyumbani ili anunuliwe eneo. Wote hawa wana hoja: ardhi haiozi, haichakai kama gari, na kwa kawaida bei yake hupanda kadiri mji unavyokua.

Hata hivyo, ununuzi wa ardhi ndio mkubwa kuliko wote ambao mwananchi wa kawaida hufanya maishani, na wengi huufanya mara moja tu, bila uzoefu. Anayenunua simu yenye kasoro hupoteza mshahara wa mwezi. Anayenunua kiwanja chenye kasoro anaweza kupoteza akiba ya miaka thelathini. Hata akishinda kesi mahakamani, hukumu haimrejeshei fedha ikiwa muuzaji amekwisha kuzitumia na hana mali ya kukamatwa.

Katika sehemu hii tunaeleza mambo ambayo mwekezaji mpya anapaswa kuyajua na kuyafanya kabla ya kulipa. Tumechukua Kata ya Kilakala, katika Manispaa ya Morogoro, kuwa mfano wetu, kwa sababu katika eneo hilo na miteremko iliyo jirani nalo maswali mengi ya mwekezaji hukutana: mji unaokua, mlima, mito, mpaka wa hifadhi ya msitu na mashamba ya ukoo. Anayenunua Mbeya, Arusha au Mwanza atakutana na maswali hayo hayo.

Ushauri wetu mkuu ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao: fedha yako ya kwanza iwe ya kuchunguza, na fedha yako ya mwisho iwe ya kununua.

Unachonunua hasa ni nini

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi (Sura 113) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Sura 114), zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ardhi ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Raia hamiliki udongo wenyewe. Anamiliki haki ya kuutumia kwa muda na kwa masharti. Katika ardhi iliyopimwa mijini, haki hiyo hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo unapolipia kiwanja, unanunua haki hiyo, pamoja na muda uliobaki na masharti yaliyoandikwa.

Haki hiyo imehifadhiwa katika daftari la Msajili wa Hati. Karatasi iliyo mkononi mwa muuzaji ni kivuli tu cha daftari hilo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ardhi usemi huo ni kanuni ya kisheria: uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa haukamiliki mpaka usajiliwe.

Wauzaji huonyesha nyaraka za aina nyingi, nazo hazilingani kwa nguvu:

Hatimiliki ni ushahidi mkubwa kuliko zote, mradi tu taarifa zake zilingane na zile za daftari.

Barua ya toleo huonyesha kwamba mtu amepewa kiwanja kwa masharti. Hakikisha masharti hayo yametimizwa, malipo yamekamilika, na toleo halijafutwa.

Leseni ya makazi hutolewa kwa wakazi wa maeneo ambayo hayajapangwa. Ni haki ya muda mfupi, nayo huhitaji kuhuishwa.

Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa na Halmashauri ya Kijiji kwa ardhi ya kijiji. Ukivuka mpaka wa Manispaa na kupanda vijijini, hii ndiyo hati utakayokutana nayo, na mauziano yake hufuata taratibu za kijiji. Usinunue ardhi ya kijiji kana kwamba ni kiwanja cha mjini.

Hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa Serikali ya Mtaa huthibitisha kwamba mtu fulani alimuuzia mwingine mbele ya mashahidi. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Wanunuzi wengi huridhika na muhuri huo, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Kilakala: thamani na mipaka yake

Kilakala iko chini ya miteremko ya kaskazini ya Milima ya Uluguru, ndani ya mji ulio kilomita 190 hivi kutoka Dar es Salaam. Inajulikana kitaifa kwa Shule ya Sekondari ya Kilakala, shule ya bweni ya wasichana. Mji wenyewe una vyuo vikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984, na tangu tarehe 14 Juni 2024 abiria husafiri kati yake na Dar es Salaam kwa treni ya reli ya kisasa. Wanafunzi, wahadhiri, watumishi wa umma na wasafiri wote huhitaji mahali pa kukaa. Hizo ni sababu halisi za mtu kufikiria kuwekeza Morogoro.

Lakini habari njema za mji hazimaanishi kwamba kila kiwanja ni kizuri. Dalali anapotaja reli, muulize kiwanja kiko umbali gani kutoka stesheni, na nauli ya bodaboda ni kiasi gani. Anapotaja chuo, muulize kama mwanafunzi anaweza kutembea hadi darasani. Mpangaji hulipia urahisi wa maisha yake, na sifa ya mji peke yake haimletei urahisi huo.

Kuna pia mipaka ambayo bei ndogo ya kiwanja inaweza kuificha.

Mpaka wa kwanza ni maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mito na vijito vinavyoshuka kutoka Uluguru, kama Mto Morogoro na Mto Kikundi, hupita mjini, na kingo zake zina ubaridi na kijani kinachowavutia wanunuzi. Kiwanja cha kando ya mto kinaweza kuwa na mandhari nzuri kuliko vyote na wakati huo huo kisiwe na ruhusa ya kujengwa hata ukuta.

Mpaka wa pili ni msitu. Juu ya makazi ya mji iko Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008. Milima hii ni chanzo cha maji ya Mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam, kwa hiyo mpaka wa hifadhi si jambo ambalo Serikali italegeza kwa sababu mtu amekwisha kujenga. Kadiri unavyopanda, ndivyo swali la mpaka linavyokuwa zito.

Mpaka wa tatu ni mteremko wenyewe. Nyumba ya mteremkoni huhitaji msingi mrefu upande wa chini, ukuta wa kuzuia udongo upande wa juu, na mifereji ya kupitishia maji ya mvua. Lori la mchanga lisipoweza kufika, kila tofali na kila mfuko wa saruji utapandishwa kwa gharama ya vibarua. Kiwanja kilichouzwa nusu ya bei ya kile cha bondeni kinaweza kuwa ghali zaidi siku nyumba inapokamilika.

Hatua saba za uchunguzi

1. Fika mwenyewe, na ufike zaidi ya mara moja. Nenda wakati wa kiangazi, kisha nenda baada ya mvua kubwa, hasa katika masika ya Machi hadi Mei. Angalia maji yanapita wapi, barabara inabaki vipi, na kama kuna mawe au udongo ulioporomoka. Angalia pia nguzo za umeme zimeishia wapi, na bomba la Mamlaka ya Maji liko umbali gani. Ahadi ya kwamba huduma zitafika mwakani isiingie katika hesabu yako.

2. Zungumza na majirani bila dalali kuwapo. Waulize nani analima au kuishi hapo, nani alikuwapo kabla yake, na kama kuna ugomvi wa mpaka. Kisha nenda Ofisi ya Serikali ya Mtaa uulize maswali hayo hayo. Sheria ya Ukomo wa Muda humpa anayedai ardhi miaka 12 ya kwenda mahakamani, kwa hiyo ugomvi ulionyamaza si lazima uwe umekufa.

3. Fanya upekuzi rasmi. Chukua namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, kisha uombe upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Kwa ada ndogo utapata taarifa ya maandishi kutoka katika daftari: jina la mmiliki, muda wa miliki, na kama ardhi imewekwa rehani au imewekewa pingamizi. Uliza pia kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa, kwa sababu malimbikizo yanaweza kusababisha miliki kufutwa. Ikiwa eneo halijasajiliwa, daftari halitakuwa na la kusema, nawe utalazimika kuongeza uangalifu katika hatua nyingine zote.

4. Uliza Idara ya Ardhi na Mipangomiji ya Manispaa eneo hilo limepangwa kwa matumizi gani. Mchoro wa mipangomiji huonyesha makazi, biashara, barabara, shule na maeneo ya wazi. Ukinunua eneo lililotengwa kwa barabara au uwanja wa michezo, umenunua kesi. Kando ya barabara kuu, kumbuka kwamba hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati.

5. Lipa mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe mawe ya mipaka. Ulinganisho wa ramani iliyoidhinishwa na mawe yaliyopo ardhini ndio utakaokuhakikishia kwamba kiwanja unachoonyeshwa ni kile kile kilichoandikwa katika hati. Hati inaweza kuwa halali kabisa, huku dalali akikuonyesha kiwanja cha jirani kilicho kizuri zaidi.

6. Mchunguze muuzaji. Suala hili tunalieleza kwa kirefu katika kichwa kinachofuata.

7. Andika mkataba mbele ya wakili mwenye leseni ya mwaka husika, naye awe wakili uliyemchagua wewe. Mkataba wa kuuza ardhi usio wa maandishi hauwezi kutekelezwa mahakamani. Gawa malipo: sehemu mtakapotia saini, na salio baada ya nyaraka za uhamisho kukamilika. Lipa kupitia benki, katika akaunti yenye jina la mmiliki. Kwa ardhi yenye hatimiliki, fomu za uhamisho zinazotumika ni namba 29, 30 na 35. Mwombe wakili akueleze kila moja kabla hujaitia saini.

Nani ana haki ya kuuza

Jina lililo katika hati ni mwanzo wa uchunguzi. Linganisha jina na picha za kitambulisho cha Taifa na mtu aliye mbele yako, kisha uulize maswali manne.

Je, ana mke au mume? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Omba ridhaa ya maandishi. Mke asiyejua kwamba nyumba yake imeuzwa ataujua mlango wa mahakama siku utakapofika na funguo.

Je, mali ni ya urithi? Anayeuza mali ya marehemu lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kilichompendekeza hakitoshi. Omba kuona barua za usimamizi, na uhakikishe warithi wengine wanafahamu mauzo hayo. Kaka mkubwa wa familia hana haki ya kuuza kwa sababu tu ni mkubwa.

Je, ni ardhi ya ukoo? Kwa desturi za Waluguru, urithi wa ardhi hufuata upande wa mama. Mtu anaweza kulima shamba miaka mingi kwa ruhusa ya ukoo wake, ilhali wajomba, dada zake na watoto wa dada zake wana sauti katika shamba hilo. Mnunuzi anayetoka mkoa ambako urithi hufuata baba anaweza kupata saini ya mzee na wanawe wote, akadhani amemaliza, kumbe wenye haki hawakuulizwa. Katika miteremko ambako mashamba ya ukoo hukatwa viwanja, tunakushauri uombe kikao cha ukoo, muhtasari wake uandikwe, na wanawake wa ukoo wawe miongoni mwa wanaotia saini.

Je, anauza kwa niaba ya mwingine? Omba hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, kisha ongea moja kwa moja na mwenye mali. Mwenye mali asiyepatikana hata kwa simu si muuzaji.

Kwa upande wako pia, liandikishe jina sahihi. Wanandoa wanaochangia ununuzi waandikishe majina ya wote wawili. Ndugu au wanakikundi wanaonunua kwa pamoja waandike hisa ya kila mmoja, na utaratibu wa kufuata ikiwa mmoja atataka kujitoa au atafariki. Anayenunua akiwa nje ya nchi asiandikishe ardhi kwa jina la ndugu kwa ahadi ya mdomo. Na ikiwa amechukua uraia wa nchi nyingine, aulize kwanza ofisi ya ardhi masharti yanayomhusu, kwa kuwa umilikishaji wa ardhi kwa asiye raia una mipaka ya kisheria.

Hesabu ya kweli

Baada ya haki huja hesabu. Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu anayetaka kujenga nyumba ndogo ya kupangisha familia mbili katika eneo lenye mteremko. Tarakimu zifuatazo ni za kuelekeza namna ya kukokotoa tu; bei halisi utazipata sokoni.

Dalali anamwambia: kiwanja ni shilingi 15,000,000, ujenzi ni 36,000,000, jumla 51,000,000. Kila familia italipa 180,000 kwa mwezi, yaani 4,320,000 kwa mwaka kwa familia zote mbili. Hayo ni mapato ya takriban asilimia 8.5 kwa mwaka.

Sasa tuongeze yaliyoachwa. Upekuzi, mpima, wakili, ushuru wa stempu na gharama nyingine za uhamisho: 1,200,000. Ukuta wa kuzuia udongo, mifereji, na kuunganishiwa maji na umeme: 5,800,000. Mtaji halisi umekuwa 58,000,000. Upande wa mapato, tuseme kila sehemu hukaa tupu mwezi mmoja kwa mwaka: ondoa 360,000. Matengenezo, kodi za Serikali na gharama ndogondogo: ondoa 760,000. Kinachobaki ni 3,200,000, yaani asilimia 5.5 ya mtaji. Kwa kasi hiyo, fedha iliyowekwa itarudi baada ya miaka 18 hivi.

Huenda asilimia 5.5 ikamtosha mwekezaji anayetaka pia kumwachia mwanawe nyumba. Huenda isimtoshe mstaafu anayehitaji fedha ya dawa kila mwezi. Aamue akiwa na tarakimu ya kweli, na ailinganishe na faida ambayo angepata katika hatifungani za Serikali au akaunti ya muda maalumu benki. Kupanda kwa bei ya ardhi kusihesabiwe kuwa mapato: hakulipi ada ya shule mpaka siku utakapouza, na siku hiyo lazima apatikane mnunuzi.

Katika hesabu zako, kumbuka kodi. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, ambao ni takriban asilimia 1 ya thamani. Muuzaji hutozwa kodi kwa faida aliyoipata, na uhamisho hauwezi kukamilika bila ithibati ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mkataba useme wazi nani atalipa nini. Mapato ya pango nayo hutozwa kodi. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa kidogo kidogo unaponunua umeme wa LUKU. Viwango hubadilika kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo viulize kabla hujasaini.

Usisahau pia masharti ya uendelezaji. Miliki nyingi humtaka mwenye kiwanja kukijenga ndani ya muda maalumu, kwa kawaida miezi 36, na ujenzi wowote huhitaji kibali cha Halmashauri. Anayenunua viwanja vitano ili avifungie na kusubiri bei ipande anaweza kuitwa kujieleza.

Kukopa ili kuwekeza

Mkopo wa nyumba humwezesha mtu kujenga mapema, lakini hesabu yake ni kali. Riba ya mikopo ya nyumba nchini kwa miaka ya karibuni imekuwa mara nyingi asilimia 15 au zaidi kwa mwaka. Mkopo wa shilingi 30,000,000 kwa riba ya asilimia 16 inayopungua kwa kadiri ya salio, kwa miaka 10, hudai marejesho ya takriban 502,500 kila mwezi. Nyumba ya mfano wetu huingiza 360,000 katika mwezi mzuri. Pengo la zaidi ya 140,000 litatoka katika mfuko mwingine kila mwezi kwa miaka kumi. Kama mfuko huo haupo, kilichowekwa rehani ndicho kitakachouzwa.

Usiiweke rehani nyumba unayoishi ili kununua kiwanja cha kubahatisha. Na ukikopa, uliza benki kiasi kamili utakachokuwa umelipa hadi mwisho, pamoja na ada zote, kabla ya kuuliza marejesho ya mwezi.

Dalili za kukufanya usimame

Simamisha ununuzi ukiona lolote kati ya haya:

Unaambiwa kuna mnunuzi mwingine anayekuja jioni na fedha taslimu.

Unaonyeshwa nakala ya hati, na ya asili daima iko kwa mtu mwingine au benki.

Muuzaji au dalali anakukataza kuzungumza na majirani.

Bei iko chini mno kuliko ya viwanja vya jirani, na sababu inayotolewa ni shida ya ghafla.

Unaombwa kulipa katika akaunti au namba ya simu isiyo na jina la mmiliki.

Unaombwa ada isiyo na stakabadhi, hata kama anayeiomba amekaa nyuma ya meza ya ofisi.

Dalali anataka malipo yake kabla ya upekuzi. Ada ya udalali iandikwe, na ilipwe mauzo yanapokamilika.

Kiwanja kizuri kinachokuponyoka kwa sababu ulichukua majuma mawili kuchunguza ni hasara ndogo. Viwanja vingine vipo.

Ukipata mgogoro

Chukua hatua mapema, kabla jengo halijainuka. Kusanya mkataba, stakabadhi za benki, taarifa ya upekuzi na majina ya mashahidi. Baraza la Kata hushughulikia usuluhishi; lisipofanikiwa, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa huenda Mahakama Kuu. Ukishuku kwamba ardhi uliyoilipia inauzwa tena, mwone wakili mara moja ili aombe kuweka pingamizi katika daftari la Msajili. Palipo na nyaraka za kughushi, toa taarifa Polisi, kwa kuwa hilo ni kosa la jinai. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize kuhusu msaada wa kisheria katika Ofisi ya Mkuu wa Wilaya au ya Ustawi wa Jamii.

Kuanza kidogo

Mwekezaji mpya halazimiki kuanza na kiwanja. Kuongeza chumba cha kupangisha katika nyumba ambayo tayari unaimiliki kihalali mara nyingi huhitaji fedha kidogo kuliko kuanza upya, na hukufundisha kuishi na wapangaji, kuandika mikataba na kutunza hesabu. Wengine huanza kwa kurasimisha eneo walilo nalo: kulipima, kulilipia na kulipatia hatimiliki. Kazi hiyo haionekani kama uwekezaji, lakini ardhi iliyopimwa na kusajiliwa huuzika kwa urahisi zaidi, hukubalika benki, na huwaondolea watoto ugomvi wa kesho. Ambaye akiba yake bado ni ndogo anaweza kuikuza katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, huku akijifunza bei za eneo analolilenga.

Ukishanunua, kamilisha usajili kwa jina lako bila kuchelewa, lipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na uhifadhi stakabadhi zote mahali pamoja. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini katika familia mahali hapo. Migogoro mingi ya ardhi huzuka baada ya mwenye kujua kufariki, na bahasha moja iliyopangwa vizuri inaweza kuizuia.